Mfugaji Naye Aulizwe

Katika nchi ya Dodoma mvua ni neema ingojewayo kwa dua. Hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, na miaka mingi haifiki milimita 600. Ni nani basi angedhani ya kwamba neema hiyo hiyo, ikizidi kipimo, yaweza kuingiza msiba nyumbani?

Lakini ndivyo ilivyotokea. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua za El Nino zilinyesha kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, na baina ya Januari na Juni mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ikaenea katika mikoa 10 ya Tanzania. Watu 511 walishukiwa kuipata, na 144 wakafariki. Mkoa uliopata wagonjwa wengi kupita yote ulikuwa Dodoma. Minada ya mifugo ilifungwa, wauza nyama wakakosa wanunuzi, na mtu ambaye mali yake yote imo zizini akabaki kushika tama.

Maradhi haya si mageni. Wataalamu waliyatambua mwaka 1931, pande za Naivasha katika Kenya. Virusi vyake hujificha ndani ya mayai ya mbu, na mayai hayo huweza kulala miaka mingi katika udongo wa mbuga iliyokauka. Mvua kubwa ikiijaza mbuga maji, mayai huanguliwa, na mbu huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hapo wanyama wenye mimba huzitupa kwa wingi, na wadogo hufa. Binadamu naye huambukizwa zaidi kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kwa kumsaidia kuzaa. Nasi ambao twachinja kwa mikono yetu, siku ya Idi, ya akika na ya mgeni, twahusika sana na khabari hii.

Sasa natutazame jambo moja la kuzingatiwa. Baada ya msiba ule, wachunguzi walikwenda kukaa na wafugaji wa Kisomali, ndugu zetu Waislamu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, wakawasikiliza. Wakakuta ya kwamba wazee wale wana jina lao la maradhi haya, Sandik, maana yake pua itokayo damu. Tena waliweza kueleza mambo yalivyofuatana: toka mvua kubwa hadi mbu kuzagaa, kama siku 24, toka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, kama siku 17, na toka mnyama huyo hadi binadamu wa kwanza kuugua, siku 17 au 18. Wachunguzi wakakiri kuwa mara nyingi wafugaji waliipima hatari sawasawa kuliko vipimo vya tahadhari vilivyotumika wakati ule.

Fikirini, ndugu wasomaji. Hizo ni siku zipatazo 58, na mnyama hufaa kuchanjwa kabla ya maradhi kuingia, si baadaye. Lau mwenye kuyaona angaliulizwa mapema, au angalisema bila ya kungoja kuulizwa, ni nyumba ngapi zingaliepukana na matanga?

Twajua kwa nini wengi hunyamaza. Mfugaji husema moyoni, "Nikitoa khabari ya mbuzi wangu waliotupa mimba, mnada utafungwa, na watoto wangu watakula nini?" Hofu hiyo si upuuzi, na wenye mamlaka wasiidharau. Hata hivyo, kunyamaza hakuufungui mnada; huuchelewesha tu kufungwa, hadi maiti zianze kuhesabiwa. Mwenye kuyajua yatakayomdhuru jirani yake amebeba ushahidi, na dini yetu haikuturuhusu kuuficha.

Nao wachunguzi wana deni lao. Uchunguzi juu ya binadamu katika Tanzania Bara hutaka kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtu ana haki ya kuelezwa makusudio, ya kukubali au kukataa, na siri yake kuhifadhiwa. Yafaa pia wasije kuchukua damu na maneno kisha wakatokomea. Na warudi kijijini, wakae chini ya mti ule ule, waeleze walilolipata kwa lugha ya wenyeji. Kinyume cha hivyo, watakaofuata watakuta milango imefungwa.

Vijana mliosoma, kazi hii ni yenu. Andikeni siku mvua ilipoanza na siku mbu walipozidi. Wanyama wakitupa mimba, mpasheni khabari afisa mifugo siku hiyo hiyo. Nanyi akina mama, nyama ipikwe hata iive, maziwa yachemshwe, na mnyama mgonjwa asichinjwe kwa kuhofia hasara.

Mvua kubwa itarudi, leo au kesho. Mwenyezi Mungu atujaalie iwe ya kheri, na ikitukuta, itukute tunaulizana na kuambizana kweli. Amin.