Kipindi Kilichozaliwa na Mkono Mgonjwa

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wajukuu zangu. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nawasimulia kipindi kimoja cha kwenye ratiba yenu, kile ambacho kengele yake ikilia mnatoka mbio bila daftari.

Alikuwako kijana wa Uswidi, jina lake Per Henrik Ling, aliyezaliwa mwaka 1776. Maumivu ya mkono yalimsumbua sana. Akajifunza mchezo wa kupigana kwa upanga, na kadiri alivyozidi kufanya mazoezi, mkono ukapata nafuu. Mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake. Ling akataka kujua sababu. Akaenda kusoma habari za mwili wa binadamu, ajue msuli upi unavuta kiungo kipi. Mwaka 1813, kwa msaada wa serikali, akafungua chuo Stockholm cha kufundisha walimu wa mazoezi ya viungo. Huko hapakuwa na kurukaruka ovyo. Watu walipangwa mistari, wakaanza na jepesi ndipo wakaendea gumu, na kila zoezi lilikuwa na kazi yake mwilini.

Mazoezi hayo yakavuka bahari. Huko Uingereza, mwanamke wa Kiswidi, Martina Bergman-Österberg, alifungua chuo cha walimu wa kike mwaka 1885. Chuo kilipohamia Dartford, wanafunzi wake waliuchukua mpira wa kikapu wa Wamarekani wakaugeuzageuza, na netiboli ikaanza kupata sura yake. Kisha wakati wa ukoloni Waingereza wakaleta mitaala yao kwetu. Basi mwalimu akiamuru, “Mikono juu! Mbele! Chini!”, jueni amri hiyo imetoka safari ndefu.

Nasikia mmoja wenu ananong'ona: “Babu, kucheza tunacheza hata nyumbani. Rede, kamba, chandimu. Kipindi cha nini tena?”

Mjukuu wangu, mtaani hucheza anayejua. Asiyejua huwekwa golini, au hutumwa kuokota mpira ulioangukia mtaroni. Kipindi ni cha darasa zima. Mwoga yumo, mnene yumo, na anayetumia kiti cha magurudumu naye hupangiwa zoezi lake. Tena mtaani hakuna wa kukuelekeza namna. Mtazameni mwalimu hodari anapofundisha kuruka: kwanza hufundisha kutua. “Anza na ncha za nyayo, kunja magoti, mikono mbele!” Ukitua miguu imenyooka, kishindo hupanda moja kwa moja hadi magotini na mgongoni. Ukikunja magoti, misuli ya mapaja hukipunguza nguvu. Somo hilo la dakika chache litakufaa hata siku ukiteleza ngazini.

Tufanye jaribio. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Sasa kimbieni mchakamchaka dakika tatu, kisha hesabu tena. Mapigo yamepanda, sivyo? Misuli inadai oksijeni, na moyo unaharakisha kuisukuma damu inayoibeba. Pumzika dakika mbili, uhesabu mara ya tatu. Moyo uliozoea mazoezi hurudi upesi kwenye mwendo wake wa kawaida.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kipindi cha michezo peke yake hakiwezi kuzifikisha. Kazi yake ni kukufundisha jinsi ya kuzitimiza mwenyewe, leo ukiwa mwanafunzi na kesho ukiwa mtu mzima asiye na mwalimu wa kumpulizia filimbi.

Tatizo ni kwamba mtihani ukikaribia, kipindi hiki ndicho cha kwanza kuazimwa na masomo mengine, na deni lenyewe halilipwi. Yakiwafika hayo, msinune. Mwombeni mwalimu kwa adabu hata dakika kumi. Pimaneni mapigo wawili wawili, kabla na baada ya kukimbia, mwandike jedwali, mtafute wastani wa darasa, mchore na grafu. Kisha mpelekeeni mwalimu wa hisabati kazi hiyo aisahihishe. Tuone kama atasema mmepoteza muda.