Santuri za marehemu baba nusura nizimalize!

Wiki hii sina stori za viwanja. Nina kesi na mama mzazi.

Mwezi uliopita nilimbembeleza mama mpaka akanikabidhi sanduku la santuri za marehemu baba. Si mchezo, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizofyatuliwa Nairobi enzi ambazo bendi za Bongo hazikuwa na kiwanda cha santuri nyumbani. Mbaraka Mwinshehe yumo, Jamhuri Jazz ya Tanga wamo. Nikaipandisha pleya juu ya kabati la sebuleni, katikati ya spika mbili, maana ndivyo ilivyopendeza machoni. Jumamosi nikaita washikaji.

Besi ilipopanda tu, chombo kikaanza kunguruma kama basi la mkoa linapanda Kitonga. Mshikaji mmoja akaliegemea kabati, sindano ikaruka na kukwaruza santuri ambayo mama huiomba kila ikikaribia tarehe aliyofariki baba. Nikavunga siku mbili. Siku ya tatu akataka kuisikia.

"We mtoto, hizi zilikaa na baba yako miaka yote hiyo hazina doa. Jumapili ikifika mashine bado inaruka, sanduku linarudi uvunguni kwangu."

Hapo ndipo nilipoanza kutumia akili. Sindano kazi yake ni kusoma mtikisiko mdogo sana ulio ndani ya mifereji ya santuri. Haijui kama mtikisiko umetoka kwenye mfereji au kwenye kabati. Spika inatikisa kabati, kabati linatikisa pleya, sindano inausoma ule mtikisiko, amplifaya inaukuza na kuurudisha kwenye spika. Duara hilo haliishi mpaka upunguze sauti.

Ukitaka kujua kama na wewe umo, chukua santuri usiyoipenda, weka sindano juu yake huku mota imezimwa, fungulia sauti kiasi, halafu gonga kabati kwa kidole. Kwangu ilitoka "du! du!" kama ngoma.

Spika nikazishusha chini, mbali na kabati. Kisha nikaomba tyubu kuukuu ya toroli kwa fundi baiskeli wa mtaani, nikaijaza upepo kidogo tu, juu yake nikalaza kipande kizito cha terazo, juu ya terazo ndiyo pleya. Tyubu ukiijaza ikawa ngumu umefanya kazi bure, lazima ilegee. Nikagonga tena kabati. Kimya! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Lakini terazo ikielea juu ya upepo hulala upande. Jirani yetu ni fundi mwashi, nikamwendea. "Shikamoo mzee, naomba pima maji." Akauliza najenga nini. Nikamwambia napiga muziki, akaniangalia vibaya, ila akanipa. Pima maji nililaza juu ya sahani yenyewe inayozunguka, siyo juu ya boksi, kwani boksi la mbao linaweza kuwa limepinda. Nikapima kushoto kulia, halafu mbele nyuma, nikisogeza pleya juu ya terazo na kukaza miguu yake mpaka povu likatulia katikati.

Mkono wa sindano ndio wa mwisho, maana ukiusawazisha kabla ya pleya kulala sawa utarudia kazi. Unaondoa uzito wote, unazungusha kile chuma cha nyuma hadi mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka. Wangu kumbe siku zote ulikuwa unateleza kuelekea katikati. Ukishaelea ndipo unarudisha uzito. Vichwa vingi hutaka kati ya gramu 1.5 na 3, kijitabu chake kinasema. Nakiri mimi nilikuwa nimebandika sarafu juu ya kichwa ili kisiruke. Jamani, msifanye hivyo! Kisipochimba mifereji leo kitaichimba kesho.

Jumapili mama akaketi, kanga begani. Nikaweka ile ile. Haikunguruma, haikuruka, ila pale nilipokwaruza ikawa inalia "tak" kila mzunguko, na hilo hakuna pima maji itakayoliondoa. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapo ndipo ulipoikwaruza?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nigeuze upande wa pili.