Nani Alitangulia Mlimani? Rekodi za Shule Kongwe za Kilimanjaro

Hapa Mkuu, watu wa Rombo wakikutana na wageni wa Machame, Kilema au Old Moshi kwenye harusi, mbege ikishazunguka mara mbili tatu, swali hili halikosi: nani alianza kusoma? Kila upande una jibu, na kila jibu lina mwaka wake. Nimeusikia ubishi huu tangu utotoni na ninaupenda, maana ndani yake mna mambo mengi ambayo hayakuchongwa kwenye jiwe la msingi la jengo lolote.

Kwa kuhesabu miaka, Moshi ndiyo ya kwanza. Mwaka 1885 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipokewa na Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara, wakaanza kufundisha kwake. Lakini hawakukaa. Mwaka 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani vibaya. Wajerumani wakawatilia shaka Waingereza wale, nao wakafunga mizigo wakahamia Taveta. Kilema walikuwa wamekwisha kuwapokea Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890 chini ya Mangi Fumba, na kule kazi haikukatika. Machame waliwapata Walutheri wa Leipzig mwaka 1893. Nikiulizwa mimi, Moshi wapewe sifa ya kuanza na Kilema wapewe sifa ya kudumu. Rombo tulifuata nyuma kidogo, ingawa misheni ilikwisha kufika Mkuu kabla karne ya 19 haijaisha.

Tukitoka nje ya mlima, tupunguze sauti kidogo. Tanga walikuwa na shule ya serikali ya Kijerumani tangu mwanzo wa miaka ya 1890, na ndiyo iliyotoa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, likasomwa mpaka wakati wa Vita vya Kwanza. Uganda walikuwa na Namilyango mwaka 1902 na Budo mwaka 1906. Kule Kikuyu, Alliance ilifunguliwa mwaka 1926.

Rekodi inayonigusa kuliko zote haihusu kufungua shule, inahusu kuzuia isifungwe. Baada ya vita, mwaka 1920, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani. Katika vituo vya Kilutheri, kuanzia Machame hadi Mamba, walimu Wachaga walibaki peke yao na madarasa, ibada na daftari za mahudhurio. Wamarekani wachache wa sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini mlima ni mpana na wao walihesabika kwa vidole. Wajerumani hawakurudi hadi 1925 na 1926. Fikiria ilivyokuwa: mwalimu kijana, mwenye elimu ya miaka michache, hana mkaguzi wala uhakika wa mshahara. Aliishi kwa kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, na kwa mkungu wa ndizi ambao mzazi fulani alimletea jioni. Asubuhi aligonga kengele, na watoto wakaja. Waliporudi wenye misheni, walizikuta shule ziko hai. Kwangu mimi hii ndiyo miaka mirefu kuliko yote katika historia ya elimu ya mlima huu, na nasikitika kwamba vitabu vingi huiruka kwa sentensi moja.

Walimu hao walitoka wapi? Wengi walipita mikononi mwa misheni yenyewe, na chuo cha ualimu kilichojulikana zaidi ni kile cha Marangu, kilichokuwa pale tangu 1912. Kwa kutoa watu, sioni wa kukishinda. Stefano Moshi, aliyezaliwa Kotela, Mamba, mwaka 1906, alisomea ualimu hapo, akafundisha, akawa mchungaji, na kanisa la Kilutheri la KKKT lilipoundwa mwaka 1963 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza.

Shule iliyo kwenye ardhi yenye kumbukumbu nzito kuliko zote ni Old Moshi. Boma la Wajerumani lilikuwa kule juu kabla reli haijafika Moshi ya chini mwaka 1911. Kule juu ndiko Mangi Meli aliponyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na mpaka leo wajukuu zake wanakitafuta kichwa chake huko Ujerumani. Miaka ya 1920 Waingereza wakaweka shule ya serikali kwenye eneo hilohilo la Old Moshi. Vijana walijifunza sarufi ya Kiingereza karibu na mahali ambapo babu zao walishuhudia kitanzi. Sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo darasa na jeraha vimekaa jirani kiasi hicho.

Kitabu kinene kuliko vyote kuhusu mafunzo ya Wachaga kiliandikwa hapohapo Old Moshi, na Bruno Gutmann, mchungaji wa Leipzig. Ni juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938, zenye mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana, yakiwemo ya mregho, fimbo iliyochongwa alama ambazo mwalimu wa jando alizisoma moja baada ya nyingine. Kwa hiyo anayesema shule ilianza mwaka 1885 amesahau fimbo hiyo. Gutmann alikipigania Kichaga kishike nafasi darasani, na Agano Jipya lake la Kimoshi likatoka mwaka 1939. Wazazi wengi walikuwa na hesabu nyingine: walitaka Kiswahili na Kiingereza, lugha za ofisi na soko. Namheshimu Gutmann kwa kuyahifadhi yale, lakini siwezi kuwalaumu wazazi.

Na shule hizo zililipiwa na nani? Na kahawa. Chama cha wakulima cha KNPA kilianzishwa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wake, na mwaka 1933 KNCU ikachukua nafasi yake. Gunia likipimwa vizuri, ada ilipatikana. Na pale fedha isipotosha, mchili, kiongozi wa mtaa, alipuliza pembe, watu wakatoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja: huyu jiwe, yule nguzo, mwingine maji ya mfongo, mfereji wetu, ya kukandia udongo. Rombo kazi hiyo tunaijua. Jirani zetu wa Keni waliwahi kujenga ngome za mawe chini ya Mangi Horombo, kabla Mzungu yeyote hajauona mlima.

Waliosubiri kuliko wote ni wasichana. Gayaza ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1905 huko Uganda. Huku kwetu, binti aliyetaka sekondari alisubiri hadi baada ya Vita vya Pili. Kazi za nyumbani nazo zilimngoja: ng'ombe wetu hula zizini, na majani yao yalitoka porini, chini kabisa, yakapandishwa kichwani na mama na binti zake. Bibi yangu aliniambia kwamba alipokuwa akirudi na mzigo alipenda kupumzika penye kona ya shule, bila kuutua, maana kuutwisha tena ni kazi ya watu wawili. Ndani watoto walikuwa wakiimba namba kwa Kiswahili. Alifika mia moja kabla hajajua herufi hata moja. Mpaka uzee wake alisali kwa Kichaga, lakini sokoni Mkuu, akiuza ndizi, alihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kuimba.