Joto la Oktoba na Radi za Kwanza Kusini

Katika nchi jirani za Zambia na Malawi, na hata Zimbabwe, Oktoba ni mwezi wa hari. Kwenye mabonde ya Luangwa na Zambezi joto hupita nyuzi 40 za Sentigredi. Mwezi ukielekea kwisha, hewa yenye unyevu huanza kuingia kutoka Kongo. Ikikuta ardhi iliyochomwa mchana kutwa hupanda juu, na alasiri mawingu meusi hunguruma.

Mvua hiyo ndiyo imdanganyayo mkulima. Hunyesha kijiji kimoja na kukiruka cha pili, kisha jua hurudi kwa majuma mawili au matatu. Aliyekwisha panda mahindi huyaona yakichipua na kunyauka, na fedha za mbegu nyingine hana.

Tena kuna radi. Desemba 1975, Zimbabwe ikiitwa bado Rhodesia, pigo moja liliwaua watu 21 waliojibanza kibandani. Kibanda cha nyasi hakizuii radi, wala mti ulio peke yake shambani. Nyumba kubwa ya matofali yafaa zaidi, au gari lililofungwa madirisha. Ila mchungaji aliye mbuga za mbali, kwa bahati mbaya, hana yote mawili.