Pindo la Uzi wa Urithi: Telomea za Mtu, za Mbu na za Kimelea cha Malaria

Katika majira ya mpunga, familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia mashambani na kulala katika vibanda vya muda, mbali na Ifakara na na vijiji vilivyo kati ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge. Usiku, ndani ya kibanda kimoja, hukutana viumbe watatu: mtu aliyelala, mbu amtafutaye, na kimelea Plasmodium falciparum kinachosafiri baina yao. Kila mmoja ana DNA iliyopangwa katika kromosomu, na kila kromosomu ina ncha mbili zinazohitaji ulinzi.

Msukaji wa mkeka akifika ukingoni hukunja ukindu na kuurudisha ndani, mkeka usije ukafumuka. Kromosomu nayo huhitaji pindo. Lisipokuwapo, seli huidhania ncha kuwa ni mahali palipokatika, ikajaribu kuiunga na ncha nyingine isiyohusika. Pindo hilo ndilo telomea. Kwa mwanadamu ni herufi sita, TTAGGG, zinazorudiwa mamia kwa maelfu ya mara. Mpangilio huo ulitambuliwa mwaka 1988. Kwa kawaida DNA ina nyuzi mbili zilizoshikana, lakini mwishoni kabisa mwa telomea uzi wenye guanini nyingi, yaani herufi G, hurefuka kuliko mwenzake na kubaki pekee.

Uzi huo mpweke haulali umenyooka. Guanini ina pande mbili za kushikia. Katika nyuzi pacha hutumia upande mmoja tu, kuishika sitosini iliyo mkabala nayo, na upande wa pili hukaa bure. Guanini nne zikikutana bila sitosini, kila moja huishika jirani yake kwa pande zote mbili, mithili ya watu wanne waliolizunguka sinia. Umbo hilo la mraba lilielezwa na Martin Gellert na wenzake huko Marekani mwaka 1962. Katika telomea ya mtu, mafungu manne ya GGG yakikaribiana hufanya masinia matatu yaliyopandana. Ioni za potasiamu hukaa katikati na kuyashikiza, na herufi TTA zilizosalia hujikunja pembeni kama vitanzi. Umbo zima huitwa kwadrupleksi ya G.

Lakini umbo hilo si moja. Mwaka 1993 uzi wa telomea ya mtu uliochunguzwa katika maji yenye sodiamu ulionekana kama kikapu. Mwaka 2002 uzi uleule, katika fuwele yenye potasiamu, ulionekana bapa, vitanzi vyake vikichomoza ubavuni kama panga za feni. Ndani ya seli potasiamu ndiyo iliyo nyingi, lakini wapimaji walipotumia maji yenye potasiamu badala ya fuwele walipata maumbo mengine tena. Kwa miaka mingi wapo walioshuku kwamba yote hayo ni mambo ya chupa za maabara tu. Shaka hiyo ilipungua sana mwaka 2013, kundi la Shankar Balasubramanian wa Cambridge lilipotumia kingamwili maalumu kuyaonyesha maumbo hayo ndani ya seli za binadamu.

Umuhimu wake kitabibu unatokana na telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea. Uzi uliojikunja hivyo huweza kukizuia kimeng'enya hicho, nacho huwa hai katika asilimia 85 hadi 90 ya saratani. Ndiyo maana dawa za kulifunga pindo zimetafutwa kwa bidii.

Kimelea cha malaria kina telomea zinazofanana na za mtu kwa namna ya kushangaza: GGGTTTA au GGGTTCA. Tofauti ni herufi moja tu kwenye kitanzi, na uzi wake nao hujikunja kuwa kwadrupleksi. Takribani asilimia 80 ya DNA yake ni herufi A na T, kwa hiyo mafungu ya G ni adimu. Yanapoonekana nje ya telomea, mengi huwa karibu na jeni za var. Jeni hizo ni kama 60, nyingi zikiwa jirani na ncha za kromosomu 14 za kimelea, na kila moja hutengeneza vazi tofauti la protini linalowekwa juu ya chembe nyekundu ya damu. Kimelea huvaa moja kwa wakati. Kinga ya mtoto ikilitambua vazi la leo, kesho hukuta jingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto wa Kilombero kuugua tena na tena kabla kinga yake haijakomaa.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kwafloksini, dawa iliyokusudiwa saratani lakini isiyofika sokoni, huua kimelea hiki maabarani. Habari njema, ila yenye mtego: dawa inayoyatambua masinia ya guanini haina budi kuyabagua ya mgonjwa na ya kimelea, na masinia yenyewe hayatofautiani. Tofauti, kama ipo ya kutumika, imo katika vitanzi.

Mbu yeye hayumo katika ubishi huu. Anopheles gambiae hana TTAGGG wala telomerasi. Hurefusha ncha zake kwa kunakili vipande virefu kutoka kromosomu moja hadi nyingine.

Na telomea za mgonjwa mwenyewe? Wasafiri waliotibiwa malaria Stockholm walifuatiliwa kwa mwaka mmoja: telomea za chembe zao za damu zilifupika baada ya ugonjwa, kisha zikarejea urefu wake mwaka ulipotimia. Wasafiri hao waliugua mara moja, wakarudi mahali pasipo na malaria. Mtoto alalaye kibandani Kilombero huenda akaumwa na mbu mwenye vimelea hata kabla mpunga haujavunwa.