Jeni inayonyamazisha jeni nyingine tumboni mwa mama



Wengi wetu hudhani kwamba mtoto tumboni hujengwa kwa kuongezewa tu: mkono, kisha jicho, kisha sikio. Elimu ya viumbe hai imebainisha kwamba kuzuia nako ni sehemu ya ujenzi huo. Karibu kila seli ya mwili hubeba maelekezo yale yale ya urithi. Lau maelekezo hayo yote yangesomwa kwa pamoja, lisingepatikana jicho wala ini. Ndiyo maana zipo jeni ambazo kazi yake ni kuzuia jeni nyingine zisinakiliwe. Mojawapo huitwa HESX1.

Jeni hii imo katika kromosomu ya 3. Hutoa protini ndogo inayoshika mahali maalumu katika DNA na, ikisaidiwa na protini nyingine, huzinyamazisha jeni zilizo chini ya amri yake. Kazi hiyo hufanyika katika wiki za mwanzo za mimba, mahali utakapoota ubongo wa mbele, macho na tezi ya pituitari. Tezi hiyo haizidi punje ya njegere, lakini ndiyo inayoamrisha ukuaji, tezi ya shingoni na utoaji wa kotisoli, homoni inayoulinda mwili wakati wa maradhi.

Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba HESX1 ikikosekana, macho na ubongo wa mbele hudumaa. Yameonyesha pia kwamba isipoacha kazi kwa wakati wake, jeni inayoifuata, PROP1, hushindwa kutekeleza wajibu wake. Kila kimya kina muda wake.

Mwaka 1956, daktari Georges de Morsier alieleza hali ambayo mishipa ya fahamu ya macho huwa imedumaa pamoja na kasoro katikati ya ubongo. Wagonjwa wengi wa hali hiyo huwa pia na upungufu wa homoni za pituitari. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 10,000. Mwaka 1998, watafiti wa London, akiwamo Dakta Mehul Dattani, walitangaza habari za ndugu wawili waliougua hivyo. Wote wawili walirithi nakala mbili zenye kasoro za HESX1, moja kwa baba na moja kwa mama. Herufi moja tu ya maelekezo ilikuwa imebadilika, na protini yao ikashindwa kuishika DNA. Wazazi wao walikuwa na uhusiano wa damu.

Hapa panatuhusu sisi wenye desturi ya kuozana mabinamu. Sharia imeihalalisha ndoa hiyo, wala hakuna haja ya kuharamisha kilicho halali. Lakini wazazi wenye asili moja huweza kubeba kasoro ile ile bila kuugua, na hapo kila mimba huwa na uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa. Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba ndoa za mabinamu huongeza hatari ya kasoro za kuzaliwa kutoka takriban asilimia 3 hadi 6. Yaani watoto walio wengi huzaliwa wazima. Hata hivyo, ukoo wenye maradhi yanayojirudia wafaa kumwona daktari kabla ya posa.

Isidhaniwe kuwa kila mgonjwa wa hali hii ni zao la ndoa ya ndugu. Wagonjwa walio wengi hawana kasoro ya HESX1 kabisa. Tena hitilafu hutokea mapema mno, pengine kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kumlaumu mama, au kumtaliki kwa sababu hiyo, ni dhulma.

Lililo muhimu ni kuzitambua dalili. Mtoto mchanga ambaye macho yake huchezacheza bila kutulia, asiyefuata uso wa mama, mwenye manjano yasiyokwisha, anayeshukwa na sukari au kupata degedege pasipo homa, apelekwe hospitali upesi. Dua isomwe, na tiba nayo itafutwe. Mishipa ya macho iliyodumaa haiwezi kurejeshwa, lakini homoni zinazokosekana hupatikana kama dawa, na mtoto akakua.

Anayetumia dawa badala ya kotisoli asiachishwe ghafla, hata akionekana mzima. Akipata homa, kutapika au upasuaji, kipimo huongezwa kama daktari alivyoelekeza, kwani mwili wake hauwezi kujiongezea. Kuchelewa kwa saa chache kwaweza kumwua. Baba, mama, bibi na mwalimu wa madrasa, wote walijue hilo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa walezi waaminifu.