Upingamwendo: Jina la Kiswahili kwa Ufundi wa Mikono ya Mashine

Mkulima wa Bunda alimaye kwa plau ya maksai hashiki vishikio vyake kwa nguvu zote alizo nazo. Akivikaza mno, jembe likikutana na jiwe, kishindo humfika kifuani. Akivilegeza mno, plau huacha mfuo na kwenda upande. Kwa hiyo hukaza kiasi, hulegeza kiasi, na kiasi hicho hubadilika kila ardhi ibadilikapo. Hatawali njia ya plau peke yake, wala nguvu ya mikono yake peke yake, bali uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili.

Elimu hiyo ilichelewa kuwafikia waundaji wa roboti. Mikono ya mashine iliyotangulia viwandani ilikuwa ikiamriwa mahali pa kufika, nayo ilifika, liwe liwalo. Kwa kazi ya kupaka rangi, ambapo chombo hakigusi kitu, amri hiyo yatosha. Lakini mashine ipaswayo kufuta meza, kuzungusha mpini au kumshika mgonjwa mkono hukutana na vitu visivyokaa pale ilipodhani. Mnamo 1985 Neville Hogan, wa chuo cha Massachusetts Institute of Technology, alichapisha makala yenye sehemu tatu juu ya shida hii. Hoja yake ni kwamba vitu viwili vikigusana, kimoja hakiwezi kuamua nguvu na mwendo vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kina sehemu yake katika shauri. Ikiwa kitu cha nje hupokea nguvu na kujibu kwa mwendo, basi yafaa mashine ipokee mwendo na kujibu kwa nguvu. Kinachodhibitiwa ni kanuni ya jibu hilo.

Mfano wa hesabu utalidhihirisha jambo hili. Mkono wa mashine uliowekewa ukakamavu wa nyutoni 50,000 kwa mita, ukizuiliwa sentimita 2 kabla ya kufika, husukuma kwa nyutoni 1,000, nayo ni nguvu karibu sawa na uzito wa mtu mnene. Ukiwekewa nyutoni 500 kwa mita, kwa umbali ule ule husukuma kwa nyutoni 10, kiasi cha uzito wa lita moja ya maji.

Hata hivyo ukakamavu ni sehemu moja tu katika tatu, na Ziwa Nyanza lafundisha zile zilizobaki. Mtumbwi uliojaa samaki ukikaribia miamba ya Musoma hausimami kwa kuambiwa. Uzito wake huuendesha mbele, na mvuvi auzuiaye kwa mguu hutambua inesha kabla hajaisoma kitabuni. Wavu ukivutwa majini polepole huja kwa urahisi. Ukivutwa kwa haraka huwa mzito, na mvutaji akitulia, uzito ule huondoka. Huu ni ukinzani ufuatao kasi. Upinde nao, kadiri uvutwavyo ndivyo urudishavyo nguvu, hata mshikaji akiwa ametulia kabisa. Huo ndio ukakamavu. Kwa ufupi, inesha hujibu mchapuko, ukinzani hujibu kasi, na ukakamavu hujibu umbali.

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Jumla ya majibu hayo matatu huitwa kwa Kiingereza kwa jina lililotungwa na Oliver Heaviside mnamo 1886 kwa ajili ya mambo ya umeme, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutia miguu pingu. Mfasiri wa Kiswahili huvutwa mara moja na neno ukinzani, kwa kuwa kukinza ni kuzuia. Lakini katika fizikia ya Kiswahili neno hilo limekwisha kupewa kazi: ni kile kizuiacho mkondo wa umeme katika waya, na ndugu yake katika mashine ni ule uzito wa wavu majini. Kuiita jumla ukinzani ni kuita nyumba nzima kwa jina la mlango.

Kosa hili si la wanakamusi peke yao. Mwanafunzi wa ufundi aelezwaye kwamba usalama wa mashine umo katika kudhibiti ukinzani aweza kuongeza sehemu ile ifuatayo kasi, akauona mkono wa chuma ukienda taratibu, akaridhika. Mkono wa mtu ukibanwa kati ya mashine na ukuta, mwendo hukoma. Na mwendo ukikoma, nguvu ya ukinzani huwa sifuri. Kinachobana wakati huo ni ukakamavu, nao haukuguswa. Aliyebanwa hatasaidiwa na upole wa mwendo uliotangulia.

Linalofaa zaidi ni upingamwendo, lililoundwa kwa kuunganisha kitenzi na jina, kama ilivyoundwa mpingakristo. Laweza kusemwa kwamba kupinga kuna harufu ya ukaidi, hali mashine inatakiwa iwe laini. Lakini upingamwendo ni kipimo, si tabia. Kama vile unyoya una uzito wake ingawa si mzito, mashine laini ina upingamwendo mdogo. Chini ya jina hilo inesha, ukinzani na ukakamavu hubaki kila kimoja na mahali pake.

Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mnamo 1922, yakumbusha kwamba uteuzi wa neno haukosi matokeo. Alipoita tafsiri yake ya 1969 Mabepari wa Venisi, alichukua neno lenye asili ya Uhindi, lililomaanisha mfanyabiashara, ambalo baada ya Azimio la Arusha la 1967 wasomaji walilisikia kwa maana nzito zaidi. Neno moja lilibeba hukumu nzima. Katika tamthilia, uzito kama huo humtajirisha msomaji. Katika kitabu cha fundi, neno lililobeba pungufu ya maana yake humwacha akisimama karibu na mashine asiyoijua.